Hita ya vifaranga inazubaa bandani: tatizo ni waya

Ndugu wa Uyole, nimekuelewa: hita yako ya wati 2000 ikiwa nyumbani inawaka vizuri, ukiipeleka bandani, mita 80 kwa waya wa 1.5 (unene wa milimita za mraba), inazubaa na waya unapata moto. Hita haina kosa.

Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 160. Kwa shaba safi ukinzani (waya kuuzuia umeme) ni kama omu 1.8, hita ikivuta ampea 8 hivi, volti 15 hivi zinaishia njiani kupasha waya joto. Waya wa 4 ungepoteza kama volti 6 tu.

Zima umeme kwanza, kisha kwaruza ncha ya waya kwa kisu. Ndani pakiwa peupe, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba (zipo nyingi mno madukani), na ukinzani wake ni mkubwa zaidi.

Ile mizunguko ya waya iliyobaki ukaitundika msumarini, ifungue leo hii, joto linajikusanya pale. Plastiki ikilainika au kunuka, usiwashe tena. Ita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Banda lina maranda hilo, litashika moto.