Maswali ya Wasomaji: Vikokotoo vya Bure kwa Watazama Nyota wa Kusini

Barua za mwezi huu zimetoka Mtwara, Newala, Msimbati, Kilwa, Nachingwea na Lindi, na karibu zote zinauliza kuhusu zana za bure za mtandaoni zinazomsaidia mtu kupanga usiku wake wa kutazama anga. Nimefurahi sana. Nafundisha fizikia na naishi Mikindani, na naamini hakuna mkoa wa nchi hii wenye anga tajiri kuliko letu. Majibu haya yametokana na zana ninazozitumia mwenyewe.

Shikamoo Mwalimu. Mjomba aliniletea darubini kutoka Dar es Salaam. Kipenyo chake ni milimita 76 na urefu wa fokasi ni milimita 700. Boksi linasema inakuza mara 525, lakini nikiweka lenzi ndogo kabisa naona ukungu tu. Je, ni mbovu?
*Kijana wa Shangani, Mtwara mjini*

Marahaba mwanangu. Darubini yako ni nzima. Kibaya ni maandishi ya kwenye boksi.

Ukuzaji hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka kioo chake hadi mahali mwanga unapokutana) kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho, yaani ile unayochungulia. Ndani ya boksi bila shaka umekuta lenzi ya milimita 4, na kipande kingine kirefu kinachoitwa Barlow, kimeandikwa 3x. Gawa 700 kwa 4, unapata 175. Zidisha kwa 3, unapata 525. Hesabu yao ni sahihi, ila mwanga wa kuibeba haupo. Kioo cha milimita 76 hukusanya kiasi kilekile cha mwanga hata ukiweka lenzi gani, na kadiri unavyokuza ndivyo mwanga huo unavyotandazwa ukapungua nguvu. Gawa kipenyo kwa ukuzaji utaona mwenyewe: 76 kwa 525 ni milimita 0.14. Huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni mwako, wakati mboni ya jicho la kijana gizani inaweza kufunguka hadi milimita 7 hivi.

Kanuni ambayo vikokotoo vingi hutumia ni kwamba ukuzaji wa juu wenye faida ni mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Kwako ni 152. Hapa pwani, hewa ikiwa na unyevu na joto la mchana bado linapanda kutoka ardhini, mimi nisingevuka 100. Hivyo weka kando hiyo Barlow na lenzi ya milimita 4. Tumia ya milimita 20, itakupa mara 35, na ya milimita 10, itakupa mara 70. Januari 1610 Galileo aligundua miezi minne ya Mshtarii kwa darubini iliyokuza mara 20 hivi tu. Wewe unacho zaidi ya alichokuwa nacho yeye.

Ili usipoteze usiku mwingine, fungua tovuti ya astronomy.tools, sehemu ya kikokotoo cha eneo la kuona. Unachagua darubini, lenzi na kitu cha angani, nayo inakuchorea duara la utakachokiona na ukubwa wa kitu hicho ndani yake. Ukiwa na lenzi ya milimita 20 yenye uwanja wa nyuzi 40, gawa 40 kwa ukuzaji wa 35: duara lako ni kama nyuzi 1.1. Mwezi una upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo miezi miwili itaenea humo ikiwa sambamba. Kwa lenzi ya milimita 10, mwezi mmoja unajaza karibu duara zima. Ndiyo maana kila mara unatafuta kwanza kwa lenzi ya milimita 20, kisha unabadilisha.

Picha inayoonekana kwenye kikokotoo ni ya rangi, imepigwa kwa kamera kwa muda mrefu. Jicho lako litaona nebula, yaani wingu la gesi na vumbi la angani, kama moshi wa kijivu. Usikate tamaa kwa hilo. Na usielekeze darubini kwenye jua, hata kwa sekunde moja.

Mwalimu mwenzangu, tumeweka Stellarium, programu ya kuonyesha anga, kwenye kompyuta ya shule. Wanafunzi wanasema nyota za kwenye kioo hazilingani na za nje, na saa zinawachanganya.
*Mwalimu wa sekondari, Newala*

Swali hili nimelipenda kuliko yote, mwalimu mwenzangu, kwa sababu jibu lake linafaa kwa kila zana nyingine nitakayoitaja leo. Programu hizi hukokotoa vizuri mno, lakini hukokotoa kwa mahali ulipoziambia upo. Usipoziambia, zitachagua zenyewe.

Stellarium ikiwa na intaneti hukisia eneo kwa kutumia anwani ya mtandao wako, na kwa hapa nchini inaweza kukuweka Dar es Salaam. Newala iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7. Hizo nyuzi 4 ni sawa na miezi minane iliyopangwa mstari mmoja angani. Mwanafunzi makini lazima ataona tofauti, na wanafunzi wako wamefanya vizuri kubisha.

Fungua dirisha la mahali, andika latitudo -11 na longitudo 39.3. Alama ya kutoa kabla ya 11 ndiyo inayosema kusini. Ukiisahau, programu itawapeleka darasa zima Ethiopia, kwenye milima ya karibu na mji wa Dessie, bila kulalamika hata kidogo. Kuna njia nyepesi ya kukagua: tafuta Nyota ya Kaskazini. Ikionekana juu ya upeo wa macho, alama imekosewa, kwa maana kutoka Newala nyota hiyo haichomozi kamwe.

Wafundishe pia hesabu moja ya kichwani ambayo haihitaji kompyuta. Kila nyota ina mwinamo wake, yaani umbali wake kutoka mstari wa ikweta ya anga, na hauhitaji kubadilishwa kila usiku. Chukua tofauti kati ya mwinamo huo na latitudo yenu, toa kwenye 90, unapata kimo cha nyota inapofika juu kabisa. Msalaba wa Kusini uko karibu nyuzi 60 kusini. Tofauti na 11 ni 49, kwa hiyo utapanda hadi nyuzi 41. Nebula kubwa ya Jabari iko nyuzi 5 kusini, hivyo inapita nyuzi 84, karibu na utosi. Andromeda, galaksi ambayo vitabu vya Ulaya huisifu sana, iko nyuzi 41 kaskazini; tofauti na 11 kusini ni 52, nayo kwenu hufika nyuzi 38. Inaonekana vizuri tu. Wakishaifanya wenyewe ubaoni, wakaja kuikuta ileile kwenye Stellarium, wataiamini programu kwa sababu inayofaa.

Kuhusu saa, programu huandika kwa mtindo wa saa 24. Kuanzia 18:00 toa 18, unapata saa ya usiku: 21:30 ni saa tatu na nusu usiku. Zana nyingine hutoa saa ya kimataifa, UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Hapo, kwa saa za usiku kabla ya 24:00 ya UTC, toa 15 moja kwa moja: UTC 17:00 ni saa mbili usiku. Ikishapita 24:00 ya UTC na kuanza upya, ongeza 9: UTC 01:00 ni saa kumi alfajiri. Bandikeni kanuni hizi tatu karibu na kompyuta.

Mwalimu, baba yangu ni mvuvi. Akirudi anatusimulia nyota kubwa inayotembea kimya, haiwakiwaki kama ndege, kisha inazimika ghafla katikati ya anga. Ni nini?
*Msomaji wa Msimbati*

Msalimie sana mzee, mwambie ameeleza vizuri kuliko wengi. Karibu hakika anaona Kituo cha Kimataifa cha Anga au satelaiti nyingine. Kituo hicho kinazunguka dunia kwa kimo cha kilomita 400 hivi, mzunguko mmoja kwa takriban dakika 90. Hakina taa inayotufikia. Tunaona mwanga wa jua uliogonga mabawa yake, na kinapoingia kwenye kivuli cha dunia kinazimika, hata kama bado kiko juu ya kichwa. Ndiyo sababu huonekana jioni baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, na si usiku wa manane.

Tovuti ya Heavens-Above ni ya bure. Weka Msimbati kwenye ramani yake, itakupa saa ya kuanza, upande, kimo cha juu kabisa na mahali kitakapozimikia. Safu ya mng'aro huwachanganya watu: namba ndogo ndiyo angavu zaidi, na yenye alama ya kutoa, kama -3, inang'aa kuliko nyota yoyote ya usiku. Fungua orodha mpya siku ileile, maana njia ya kituo hurekebishwa mara kwa mara na orodha ya wiki mbili zilizopita inaweza kukukosesha.

Nataka kuwapeleka wageni kuona Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe wa nyota, kutoka ufukweni. Nichague vipi usiku?
*Mwongoza watalii, Kilwa Masoko*

Anza na mwezi, kisha msimu, hali ya hewa iwe ya mwisho. Wengi huanza na hali ya hewa, na hapo ndipo wanapopoteza siku.

Kwa mwezi, waulize wavuvi wa dagaa. Wao hutoka wakati wa giza na hupumzika mbalamwezi ikitawala, na kalenda yao ndiyo yako. Ukitaka saa kamili za mwezi kuchomoza na kuzama, timeanddate.com inazo kwa kila siku. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku tatu nne baada ya mwezi mpevu tayari unapata giza la kutosha mwanzo wa usiku.

Kwa msimu, Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, ndiyo mavuno yetu. Katikati ya Agosti kitovu cha Njia Nyeupe hufika juu kabisa karibu saa mbili na nusu usiku, kimo cha nyuzi 70 hivi. Mgeni kutoka Ulaya Kaskazini huko kwao hukiona kikikwaruza upeo wa macho, au hakioni kabisa. Mwambie hivyo kabla hajatazama juu! Tovuti ya Telescopius itakuonyesha mchoro wa kimo cha kitu chochote saa baada ya saa kwa eneo lako.

Kwa mawingu, linganisha tovuti za Clear Outside na meteoblue. Zote mbili hutenganisha mawingu ya chini, ya kati na ya juu. Zikikubaliana kwamba anga ni safi, nenda. Zikitofautiana, subiri jioni utazame bahari kwa macho yako, kwa sababu mawingu madogo yanayoletwa na upepo wa baharini ni madogo kuliko miraba ambayo mifumo hiyo hukokotoa. Utakutana na watu mtandaoni wakisifu Clear Sky Chart. Ni nzuri kweli, lakini imetengenezwa kwa Amerika Kaskazini, sisi hatumo.

Kwa mwanga wa miji, lightpollutionmap.info hutumia vipimo vya satelaiti. Bofya Kilwa Masoko, kisha bofya Dar es Salaam, waonyeshe wageni tofauti.

Sina bando la kila siku. Nifanyeje?
*Nachingwea*

Pakua Stellarium ya kompyuta mara moja ukiwa penye intaneti. Baada ya hapo inafanya kazi bila mtandao, na katalogi yake ya kawaida ina nyota zaidi ya laki sita. Kila mwezi pia pakua ramani ya anga kutoka skymaps.com, chagua toleo la ikweta, uichapishe. Ni karatasi mbili tu. Funika tochi kwa kitambaa chekundu unapoisoma ili macho yabaki yamezoea giza.

Mwaka 2016 jua lilipatwa mchana huku kusini. Nitajuaje litakapopatwa tena?
*Msomaji wa Lindi mjini*

Tarehe 1 Septemba 2016 tulibahatika kupita kiasi. Nukta ya kilele cha kupatwa kule, duniani kote, iliangukia kusini mwa Tanzania, karibu nyuzi 10.7 kusini na 37.8 mashariki, saa sita na dakika kama saba mchana. Hapo pete ya jua, yaani ukingo wake unaobaki uking'aa kuuzunguka mwezi, ilidumu dakika 3 na sekunde 6. Watu walisafiri kutoka mabara mengine kuja kuona kilichokuwa juu ya mashamba yetu ya korosho.

Kwa yajayo, tumia ramani za Xavier Jubier, bingwa wa kupatwa kwa jua kutoka Ufaransa anayezitoa bure. Unabofya kijiji chochote, inakuambia saa ya kuanza, ya kilele, ya kumaliza, na sehemu ya jua itakayofunikwa. Jaribu tarehe 2 Agosti 2027. Kivuli kamili kitapita Afrika Kaskazini, na karibu na Luxor huko Misri giza litazidi dakika 6. Sisi tuko mbali na njia hiyo, lakini bofya Lindi uone. Saa za hapo ni za UTC, kwa hiyo kwa mchana toa 3 tu: UTC 11:00 ni saa nane mchana.

Kama utatazama, nunua miwani yenye alama ya ISO 12312-2. Filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi na maji kwenye beseni havizuii miale inayounguza jicho, na jicho halikuambii kwa maumivu kwamba linaungua. Usipopata miwani, toboa kadi kwa pini, lipe jua kisogo, na utazame picha yake ndogo ikianguka kwenye karatasi nyeupe.