Tumehesabu nyumba zilizoingiliwa na maji: je, hesabu ya mtaa ina uzito?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa mmojawapo wa Ngamiani, jijini Tanga. Masika yaliyopita tulizunguka na daftari, tukaandika nyumba 63 zilizoingiliwa na maji. Tulipoomba mtaro tulijibiwa kwamba takwimu za kata hazionyeshi kuwa mtaa wetu una tatizo la pekee. Je, hesabu iliyofanywa na wananchi wenyewe inaweza kutumika katika kupanga maendeleo, au ni lazima tusubiri sensa nyingine?

JIBU: Ndugu Mjumbe, hamna sababu ya kusubiri, kwa kuwa sensa haikuundwa kujibu swali lenu. Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 ilihesabu watu 2,615,597 katika Mkoa wa Tanga, na safari ile majengo nayo yalihesabiwa, lakini haielezi maji yalituama wapi, kwa siku ngapi, wala yalifika kimo gani. Kwenu ina faida nyingine, nayo ni kuwapa idadi ya kugawia, yaani jumla ya watu na majengo ya kulinganishia hesabu yenu.

Hapo hasa ndipo daftari lenu lilipopwaya. Nyumba 63 ni nyingi au ni chache? Tuseme mtaa una nyumba 900: hiyo ni asilimia 7, na aliyeketi ofisini na mafaili ya mitaa mingine hatashtuka. Tuseme tena kwamba zote 63 ziko katika barabara mbili zenye nyumba 90 kwa pamoja: hiyo ni asilimia 70, na shauri limebadilika ingawa namba ni ileile. Wastani wa kata humeza barabara hizo mbili kabisa, kwa hiyo aliyewajibu huenda hakusema uongo. Alisoma namba sahihi ya eneo lisilo sahihi. Ninyi wa Ngamiani mna bahati ambayo mitaa mingi haina, kwani barabara zenu zina namba, na nyumba inaweza kuandikwa kwa barabara yake na kwa namba ya anwani ya makazi bila kubishania mipaka.

Kwa sababu hiyo andikeni pia nyumba ambazo maji hayakuingia. Mwenye daftari hupenda kuzipita, akidhani hazina habari, kumbe bila nyumba kavu hakuna asilimia. Amueni vilevile, kabla ya kutoka, kama mnahesabu nyumba au kaya. Nyumba moja ya kupangisha inaweza kuwa na kaya tano, na mama aliyepanga chumba cha uani, ambako maji huanzia, hataonekana kama mmebisha mlango wa mbele na kumhoji mwenye nyumba peke yake. Neno “kuingiliwa na maji” nalo lipewe maana moja kwa wahesabuji wote, kwa mfano maji yaliyovuka kizingiti, na kimo kiandikwe kwa kifundo, goti au kiuno, kwa kuwa watu hukumbuka mwili kuliko sentimita. Kisha mtu mwingine arudie nyumba moja katika kila kumi. Majibu yakitofautiana sana, tatizo liko kwenye maswali yenu.

Safu ambayo wengi huisahau ni ya chanzo: mtaro haupo, upo ila umezibwa na taka, au upo ila ni mdogo. Majibu hayo matatu hayaendi kwenye meza moja. Mtaro wa kando ya barabara za mijini ni kazi ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Taka ni za halmashauri, na kwa sehemu ni zenu wenyewe. Ombi lisilotaja chanzo huzunguka kutoka ofisi hadi ofisi, na sidhani kwamba ramani ya rangi nzuri inaweza kulisaidia.

Liko pia suala la kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango yake huandaliwa miezi mingi kabla. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei, wakati ambapo bajeti ya mwaka unaofuata imekwisha kukamilika au iko bungeni, na inapofika zamu ya kupanga tena, barabara zimekauka na hakuna anayekumbuka. Hesabuni wakati wa mvua, sahihisheni mwezi Juni, someni matokeo katika mkutano mkuu wa mtaa ili wakazi wayakosoe, halafu myafikishe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla mwaka wa kalenda haujaisha, yakiwa katika ukurasa mmoja.

Kuhusu sheria, msiziite namba hizo “takwimu rasmi”. Kifungu kilichoingizwa katika Sheria ya Takwimu mwaka 2018, kilichofanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi, kiliondolewa mwaka 2019. Hata hivyo ni uungwana kueleza nani alihesabu, lini na kwa njia gani. Majina na namba za simu yabaki kwa mtendaji wa mtaa. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zaidi ya sheria, mwenye nyumba akijua kwamba nyumba yake itatajwa hadharani kuwa ya mafuriko, masika yajayo atawaambia kwamba hakuingia hata tone.

Daftari lenu la nyumba 63 lihifadhini kama lilivyo, msilifute wala kulipamba. Wiki hii rudini katika barabara zile mbili tatu zilizoathirika zaidi, mkahesabu zile nyumba kavu.