Jirani anakula zawadi zako halafu anakataa muungano: diplomasia ya Stellaris ninavyoicheza

Mkuu, umesema majirani zako kwenye Stellaris, gemu ya kompyuta ya kuongoza dola angani, umewatumia madini na nishati tangu mwanzo wa gemu, wanapokea vizuri tu, lakini ukiwaomba mkataba wa ulinzi wa pamoja wanakataa. Sasa wawili wao wameshikana na wewe umebaki katikati yao. Mimi niko Mbeya, gemu hii nimeanza kuicheza kabla ya nyongeza ya Federations kutoka Machi 2020, ile iliyotuletea wajumbe na baraza la galaksi. Nakujibu kwa ninavyocheza mwenyewe.

Zawadi punguza. Zinapandisha alama za jinsi jirani anavyokuona, lakini alama hizo zinayeyuka mwezi hadi mwezi, na ukiacha kutuma unarudi ulikotoka. Gemu ina hesabu mbili tofauti. Moja ni anavyokuona leo, nyingine ni imani. Imani huwezi kuinunua kwa madini. Inapanda polepole mkiwa tayari na makubaliano kati yenu, hata yawe madogo, na makubaliano yakiongezeka inapata nafasi ya kupanda zaidi. Ndiyo maana anayekimbilia mkataba mkubwa siku ya kwanza anakataliwa, na aliyeanza na mkataba wa kutoshambuliana akauacha ukae miaka kadhaa anafunguliwa mlango.

Kwa hiyo mimi napeleka mjumbe kwanza, akae kule akiboresha uhusiano. Alama zikifika pazuri naomba kutoshambuliana. Baada ya hapo biashara au utafiti, kutegemea yeye anataka nini. Ulinzi wa pamoja unakuja mwishoni. Na kabla ya kubonyeza ombi lolote, weka kishale juu yake usome. Gemu inakuandikia sababu zote za kukubali na kukataa pamoja na namba zake. Wengi wanaolalamika kwamba kompyuta ina roho mbaya hawajawahi kusoma hapo. Utakuta msuguano wa mipaka, tofauti za itikadi, nguvu zako za kijeshi ukilinganisha na zake, au umemtangaza rafiki yake kuwa hasimu. Hasi ikitokana na mipaka, mjumbe wako atasota sana. Ikitokana na jeshi dogo, jenga meli, maana hakuna anayetaka kuungana na mtu atakayemgeukia mzigo.

Angalia pia tabia yake, imeandikwa kwenye dirisha lake. Wajenzi wa shirikisho, yaani wanaopenda muungano rasmi wa dola kadhaa, hawakusumbui, hao wanatafuta rafiki kama wewe. Wale wa kuangamiza viumbe wengine wote usiwapotezee mjumbe, kwa sababu diplomasia ya kawaida hawana kabisa, matusi tu.

Sasa hapa ndipo penyewe. Kinachounganisha dola kwa haraka kuliko chochote kwenye gemu hii ni hasimu wa pamoja. Jirani akimtangaza fulani kuwa hasimu, na wewe ukamtangaza huyo huyo, alama zinaruka zenyewe bila kutoa hata kipande cha madini. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini jambo hili tunalijua bila kompyuta. Wahehe wa Iringa, chini ya mtawala wao Munyigumba na baadaye mwanawe Mkwawa, waliwabana akina Merere, watawala wa Usangu, mpaka wakatoka kwao wakaja kukaa Utengule, upande huu wa Mbeya. Wajerumani walipoingia, Mkwawa aliwapiga Lugalo mwezi Agosti 1891, na kamanda wao Zelewski akafia pale pale. Kuanzia hapo Mjerumani na Merere walikuwa na hasimu mmoja. Merere akaegemea kwa Mjerumani, na Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilipoanguka Oktoba 1894 njia ya kurudi Usangu ikawa wazi. Hawakuwa na lugha moja, dini moja wala desturi moja. Kwenye gemu ungesema itikadi zao ni hasi tupu, lakini ile alama ya hasimu ilifunika zote.

Ila muungano wa namna hiyo una tarehe ya kuisha. Hasimu akifa, alama zake zinaondoka naye, na mnabaki mkitazamana na mpaka mpya katikati. Mimi ule muda wa vita ndio nautumia kupandisha mikataba na rafiki yangu, ili imani iwe imeshajengeka kabla adui hajaisha. Na mara nyingine, niseme ukweli, namwacha hasimu hai. Namchukulia mifumo ya nyota miwili mitatu, nasaini amani, miaka kumi ya kusitisha mapigano inapita, yeye bado yupo anatuunganisha. Wapo watakaoona huu ni uoga. Mimi naona ni nafuu kuliko kulinda mipaka pande zote.

Ushawishi nao uuangalie, ni akiba kama madini na nishati. Mikataba inaukata kila mwezi, na mwanzoni unauhitaji kujenga vituo vya mipakani. Huwezi kuwa rafiki wa kila mtu hata ukitaka. Chagua mmoja aliye mgongoni kwako ili usimwekee jeshi, na mwingine aliye ng'ambo ya adui yako. Huyo wa ng'ambo hamgusani, msuguano wa mipaka hamna, anakubali upesi kuliko wa karibu.

Shirikisho likishaundwa, soma sheria zake kabla ya kushangilia, hasa ile ya nani anaamua vita. Ikiwa ni kura ya wote, mwanachama mmoja mpole atakuzuia miaka na miaka. Ikiwa ni rais peke yake, basi hakikisha rais ni wewe. Na usijaze wanachama wa itikadi zinazogongana, mshikamano unashuka na wajumbe wako wote watakwenda kuuzibia pengo.

Kucheza na watu ni habari nyingine. Huwa tunakutana Iyunga kwa mshkaji, kompyuta mpakato mezani, rauta moja, na Juni hiyo kila mtu kajifunika blanketi. (Kwa wasiojua: nyongeza nyingi za kulipia akiwa nazo mwenye kuandaa mchezo tu, wengine mnazitumia humo humo.) Binadamu hakuonyeshi namba zake. Anakuambia tuko pamoja huku meli zake zinakusanyika mpakani mwako, na umeme ukikatika ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza, kwenye baraza, kila mmoja akimvuta mwenzake pembeni.

Turudi kwako. Hao wawili walioshikana, angalia kama ni shirikisho au ni mkataba wa ulinzi tu. Kama ni shirikisho, usikurupuke kuomba uanachama. Omba kwanza hadhi ya ushirika. Hiyo inakupa kutoshambuliana na wanachama wote kwa pamoja, na imani inaanza kupanda kwa kila mmoja wao. Kama ni mkataba wa ulinzi, tafuta hasimu wa yule dhaifu kati yao, mtangaze na wewe, halafu mhamishie mjumbe wako kwake. Yule mwenye nguvu mwache kwanza.

Tupia hapa picha ya dirisha la diplomasia la kila mmoja, kishale kikiwa juu ya ombi, na useme unatumia toleo gani, tuone hizo hasi zinatoka wapi.