Baba Pacha, usijifiche nyuma ya Waamishi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Lancaster, Pennsylvania, huku Marekani, na mke wangu na watoto watatu. Nilioa tukiwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikiwa na miaka 20, nikaingia kwenye majukumu bila kuonja ujana. Majuzi nimetazama filamu ya zamani kuhusu vijana wa Kiamishi wa Indiana, ndugu wa hawa majirani zetu wa vigari vya farasi, Wakristo wanaoishi kwa mila za kale. Wakifika miaka 16 wanaachiwa waonje dunia, kisha wanarudi wametulia moja kwa moja. Nimemwomba mke wangu miezi sita tu nikakae kwa rafiki Philadelphia, nirudi nikiwa mtu mpya. Amekataa, amewaita wazee wa kanisa, na sasa hatusemezani. Kosa langu liko wapi? – Baba Pacha*

Marahaba, Baba Pacha. Kukulia kambini si jambo dogo, pole sana. Pole yangu inaishia hapo.

Kama ni ile filamu ya mwaka 2002, nami nimeitazama, tena mpaka mwisho. Nashuku wewe uliishia kwenye muziki na bia. Mle ndani kuna mtoto wa mhubiri aliyetoka kwenda kuonja dunia, akanasa kwenye dawa za kulevya. Mbona huyo hukumtaja?

Sasa sikiliza ulichoruka. Waamishi hawabatizi watoto wachanga. Mababu zao wa imani huko Ulaya waliteswa na hata kuuawa kwa kushikilia kwamba ubatizo ni kiapo cha mtu mzima anayejua anachokubali. Ndiyo maana ya hiyo rumspringa yao, yaani hicho kipindi cha kuonja dunia. Kijana wa miaka 16 hajaapa bado, kwa hiyo kanisa halina la kumwadhibu. Anatafuta mchumba huku akijipima kama kiapo atakiweza. Na wengi wao wala hawaendi kokote. Wanalala kwa mama zao, alfajiri wanakamua ng'ombe, Jumapili jioni wanakusanyika na vijana wenzao kuimba, na mvulana akimpenda msichana anamrudisha kwao kwa kigari cha farasi. Basi, dunia yenyewe ndiyo hiyo. Zaidi ya 80 katika kila 100 huishia kubatizwa. Harusi haifungwi mpaka wote wawili wawe wamebatizwa, na talaka hawana.

Umeuona mpangilio, baba? Kwanza kuzurura, kisha kiapo, kisha ndoa, kisha watoto. Wewe umeoa, umezaa watatu, ndipo unaomba ruhusa ya kuzurura. Hata kwetu jando lilikuja kabla ya ndoa. Sijasikia mwanaume mwenye pacha akirudishwa jandoni.

Na kwa Waamishi, aliyekwisha kubatizwa akiasi hutengwa. Katika makanisa yao makali zaidi, jamaa zake hawali naye meza moja na hawapokei kitu kutoka mkononi mwake. Kipande hicho hukumsomea mkeo, naona. Ukitaka Uamishi, uchukue mzima. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na wewe umo majini mwaka wa 14 huu.

Barua yako nimeifupisha ili nikusitiri, lakini nilisoma kurasa zote. Jina la mkeo halimo hata mara moja. Kilichomo ni kwamba anafanya zamu ya usiku ghalani na "akirudi analala tu". Mtu amebeba maboksi usiku kucha, amerudi saa kumi na mbili asubuhi, amewavika watoto makoti, amesimama nao kwenye baridi kungoja basi la shule. Ulitaka akirudi ndani akuchezee ngoma? Huyo rafiki wa Philadelphia naye ametajwa weee! Mwanzoni "tulifahamiana kazini", mwishoni "ndiye pekee anayenielewa". Usinifanye mtoto. Mwanaume hahami kitanda chake miezi sita kwenda kueleweka na mwanaume mwenzake.

Tena umeandika kwa kupitia tu kwamba mkeo ni mdogo wako kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo naye aliolewa kambini na miaka 19. Alipanga foleni ya maji ileile, ya unga ileile. Ujana wake yeye uko wapi? Akija kudai miezi sita yake, pacha utawasuka nywele wewe?

Ndoa za siku hizi zimenichosha. Kila mtu anataka likizo, eti apumue, eti ajitafute. Mtu akitazama filamu moja usiku, asubuhi kaamka na haki mpya ambayo babu yake hakuijua, na haki hiyo daima inamtoa nje ya nyumba. Sijawahi kupokea barua ya mtu aliyetazama filamu akagundua ana haki ya kuosha vyombo.

Kuwaita wazee hajakosea. Amefanya kilichompasa mke mwenye akili anapoona mume anafungasha.

Wala sisemi ufe na kiu. Tafuta timu ya mpira ya Wakongo wenzako. Jumamosi amka wewe na watoto, mkeo alale mpaka ashibe usingizi, kisha mwende wote pale sokoni Central Market mkanunue mboga, mzungumze njiani. Lakini kabla ya yote hayo, namba ya Philadelphia ifute mbele yake, kisha uwaendee wazee wale wale ukaombe radhi wakiwa wanakusikia.

Usiniandikie tena kabla hujafanya hivyo. Mama Pacha akitaka kuniandikia, nitamjibu wiki hiyo hiyo.