Shangazi, mwanangu kanichukulia hela ya genge

*Shangazi, shikamoo. Nina mtoto wa kiume wa miaka saba, yuko darasa la kwanza. Nauza nyanya na mboga gengeni, Mbagala. Wiki iliyopita alichukua 5,000 kwenye kopo la mauzo, akawanunulia wenzake barafu, ubuyu na pipi mpaka ikaisha. Nilipombana akasema: "Nimechukua ya kifaru tu, ya tembo nimekuachia. Si utatoa nyingine kwenye simu?" Baba yake alimchapa, na anasema asipewe tena hata mia ya shule, mtoto akizoeshwa hela mapema anaharibika. Silali, naogopa nalea mwizi. Kibubu alikuwa nacho, ila mwezi wa nne luku iliisha usiku nikakivunja, nikamwambia nitamrudishia. Nifanyeje?*
*Mama mwenye mawazo*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale mwishoni ulipopita mbiombio. Kibubu. Ulisema utarudisha, hukuniambia kama ulirudisha, nami nahisi bado.

Sikulaumu. Umeme ukiisha usiku na watoto wako ndani, mama hushika kilicho karibu. Lakini jiweke mahali pake: aliweka mia mia zake kwa miezi, mtu mzima akazichukua kwa sababu ana shida, akaahidi, kukawa kimya. Juzi na yeye alikuwa na shida yake, barafu na wenzake, akafanya vilevile.

Kwa hiyo kwanza lipa deni, na usilipe kwa noti. Tafuta sarafu za mia, mia mbili na mia tano, kaeni mkekani, azipange mafungu kama unavyopanga nyanya, ahesabu mwenyewe mpaka aridhike. Kisha mwambie, "Nilichelewa kukurudishia, nisamehe." Najua kwetu mzazi kumwomba mtoto msamaha ni kazi nzito. Fanya hivyohivyo. Ukishamaliza ndipo utapata uso wa kumwambia kwamba na yeye anadaiwa na genge. Si lazima alipe elfu tano yote. Atoe mia kila siku ya shule kwa wiki mbili, aitumbukize yeye mwenyewe kwenye kopo. Hiyo ni elfu moja, na kwa umri wake inatosha.

Sasa huyo kifaru. Mwanao hakuwa anakudhihaki. Anasoma hela kwa wanyama, na kuna mahali kapatia: kifaru wa 5,000 kweli ni mdogo kwa tembo wa 10,000. Ila simba yuko kwenye noti ya 2,000 na yuko kwenye sarafu ya 200. Kifaru yuko kwenye noti ya 5,000 na yuko kwenye sarafu ya 50. Mtoto wa darasa la kwanza atajuaje? Mwekee vifaru wote wawili kiganjani. Halafu, kama fungu la nyanya unauza mia tano, panga mafungu kumi mezani mbele yake, umwambie, "Hii ndiyo elfu tano." Yaondoe yote, moja baada ya jingine. Mwache aitazame ile meza tupu, na usimwongezee neno.

Kuhusu simu, sisi tulikua tukiziona hela zikitoka kwenye pindo la khanga ya mama na pindo likibaki limelegea. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na watoto wa leo wamezaliwa wanaona mama anabonyeza, wakala anatoa noti, simu inarudi mkobani ileile. Ndiyo maana anadhani haziishi. Siku unapoweka mauzo, nenda naye, noti amkabidhi wakala kwa mkono wake. Siku ya kutoa, msomeshe salio kabla na baada. Ataona pengo ni kubwa kuliko noti mlizopewa, atauliza. Mweleze makato.

Na hilo kopo lako moja linamchanganya. Mauzo yote yamo humo, naye anaona utajiri. Weka makopo mawili: la mtaji wa sokoni kesho alfajiri, na la nyumbani. Jioni akusaidie kugawa. Mtoto akijua kwamba hela hii ndiyo nyanya za kesho, hata kuitazama ataitazama vingine.

Baba yake namheshimu, lakini hapo sikubaliani naye. Mtoto asiyepewa hata mia ataijua vipi mia? Mpe ya siku mbili kwa pamoja. Ya wiki nzima bado hawezi kuimudu. Akiimaliza siku ya kwanza, usimwongeze, ila mfungie kiazi au chapati. Akose barafu, asikose chakula. Na fimbo ikome, pamoja na neno mwizi. Majirani wakilidaka hilo neno, hutaweza kulirudisha.

Kuna jambo moja muulize polepole, mkiwa wawili tu: wale wenzake, kabla ya siku ile, walikuwa wanacheza naye? Wapo watoto wanaogawa kwa ukarimu, na wapo wanaonunua nafasi ya kuingia kwenye mchezo. Kama wako ni wa pili, niandikie tena, maana hapo hela si ugonjwa wenyewe.

Kibubu kipya usinunue cha udongo. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, chana tundu ubavuni karibu na shingo, azione sarafu zikipanda. Iweke anapolala yeye. Na luku ikiisha tena usiku, muombe akukopeshe, mkubaliane siku ya kulipa. Akikataa, washa mshumaa, mlale.

Shangazi