Noti 30 ni kilomita ngapi? Maswali yenu kuhusu mwendo wa baharini

Noti ninazozungumzia leo hazina picha ya mtu wala haziwekwi benki. Maswali yamekuja mengi; nimechukua haya saba, na mengine nimeyaunganisha kwa sababu yalikuwa yanauliza jambo moja.

Nilikuwa kwenye boti ya Dar kwenda Unguja. Simu yangu inaonyesha 55, baharia ananiambia "tunakwenda thelathini". Nani muongo? – Abiria, Mbagala

Hakuna muongo. Simu ilikuwa inahesabu kilomita kwa saa, baharia anahesabu noti. Noti 1 ni mwendo wa maili 1 ya baharini kwa saa, na maili hiyo ni mita 1852 kamili. Zidisha 30 kwa 1.852, utapata 55.56.

Bila kalkuleta, mimi hukumbuka jozi moja tu: noti 27 ni kilomita 50. Inakaa sawa kiasi kwamba tofauti yake ni mita 4 kwa saa nzima. Kwa hiyo noti 54 ni kilomita 100, na iliyobaki unakadiria. Wengine huzidisha mara mbili kisha hupunguza sehemu ya kumi: 30 inakuwa 60, toa 6, inabaki 54. Iko chini kidogo ya jibu halisi, lakini kwa mtu aliyeshika mfuko wa kutapikia inatosha.

Kama mita ipo, kwa nini mabaharia wanang'ang'ania maili yao? – Mwalimu wa jiografia, Tanga

Kwa sababu ya ramani, mwalimu. Chukua ramani ya bahari yenye Dar es Salaam na Unguja. Mji wa Zanzibar uko karibu nyuzi 6 na dakika 10 kusini mwa ikweta (dakika hapa si ya saa, ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja). Dar iko karibu nyuzi 6 na dakika 49. Tofauti ni dakika 39. Basi umeshapima: ni maili 39 za baharini kwenda kusini, maana dakika 1 ya latitudo ni maili 1. Bandari zenyewe haziko kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo ongeza kidogo, sema 40. Boti ya noti 30 itazimaliza kwa saa 1 na dakika 20, ukiacha muda wa kutambaa bandarini. Anayetumia kilomita itabidi kwanza atafute kipimio cha ramani, apime, agawe. Baharia anafungua bikari yake, anaishusha pembeni mwa ramani, anasoma.

Pembeni, nasisitiza, si juu wala chini. Mistari ya longitudo inasogeleana kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia. Hapa kwetu, nyuzi sita tu toka ikweta, tofauti ni ndogo mno, na ndiyo maana vijana wetu wanazoea kupima popote na hawaumbuki. Mpeleke huyo huyo kwenye bahari ya Norwei, nyuzi 60 kaskazini, dakika ya longitudo huko ni nusu maili. Atakosea kwa nusu nzima.

Umeuliza pia mbona 1852 na si namba nzuri. Dunia si duara kamili. Dakika ya latitudo ina mita kama 1843 hapa ikweta na 1862 kwenye ncha. Mkutano wa wapima bahari uliofanyika Monaco mwaka 1929 ukachagua namba ya katikati. Waingereza waliendelea na maili yao ya futi 6080 kwa miaka mingi baada ya hapo. Inazidi ile ya Monaco kwa mita moja na kitu.

Tuseme "noti 20" au "noti 20 kwa saa"? – Mtangazaji wa redio

Noti 20, basi. "Kwa saa" imeshamo ndani yake.

Babu alikuwa anaita "fundo" badala ya noti. Alikosea? – Msomaji, Lamu

Hata kidogo, babu alikuwa anaita kitu kwa jina lake. Zamani kwenye meli za Ulaya walikuwa wanatupa nyuma ya meli kibao kilichotiwa madini ya risasi ukingoni ili kisimame majini, kikiwa kimefungwa kamba ndefu yenye mafundo. Kibao kinabaki pale kilipo, meli inaondoka, kamba inakimbia mkononi mwa baharia. Mwenzake ameshika chupa ya mchanga ya sekunde 28. Mchanga ukiisha anapiga kelele, kamba inabanwa, wanahesabu mafundo yaliyopita. Mafundo sita, meli inakwenda noti sita.

Hesabu yake tamu. Saa moja ina vipindi 128 na nusu hivi vya sekunde 28. Gawa mita 1852 kwa hiyo, unapata 14.4, na huo ndio umbali waliouacha kati ya fundo na fundo. Kamba yenyewe ndiyo iliyokuwa kalkuleta.

Hali ya hewa wametangaza upepo "unaofikia kilomita 40 kwa saa". Nahodha wangu akasikia arobaini akagoma kutoka. Jirani yake akatoka na kurudi salama. Yupi ana akili? – Mwenye mashua, Mafia

Wote wanazo, ila nahodha wako nadhani alisikia arobaini ya noti. Kilomita 40 kwa saa ni noti 21.6. Bahari itakuwa na povu jeupe kila upande, ngalawa haina kazi huko, na mashua ndogo ina haki ya kubaki. Lakini noti 40 ni kilomita 74 kwa saa, na huo ni upepo mwingine kabisa. Upande wetu wa Bahari ya Hindi, dhoruba ya kitropiki hupewa jina upepo ukifika noti 34.

Na usifikiri ni kama mara mbili hivi tu. Nguvu ya upepo kwenye tanga inakua kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukizidi mara 1.85, tanga lile lile linasukumwa kwa nguvu mara 3.4. Hapo ndipo foromali, ule mti unaobeba tanga, inapokatika.

Mimi mwenyewe niliwahi kuumia upande wa pili. Nilikuwa kijana kwenye meli ndogo ya mizigo, kipima upepo chetu kimebadilishwa siku ile ile. Nikasoma 12, nikamwambia mkubwa wangu "noti kumi na mbili, bwana mkubwa, shwari." Akachungulia dirishani, akanitazama, akachungulia tena. Kipima kipya kilikuwa kinasoma mita kwa sekunde. Upepo ulikuwa noti 23. Tangu siku hiyo namba isiyo na jina nyuma yake siiandiki daftarini.

Jipiesi yangu inasema maili 20 hadi mwamba wangu, ya mwenzangu 17.4. Tumewekewa alama ile ile. – Mvuvi, Kilwa Kivinje

Yako iko kwenye maili ya barabarani, ya mita 1609. Yake ni ya baharini. Ingia kwenye mipangilio uibadilishe. Mwamba hautaukosa kwa hilo, maana alama ni ile ile, lakini ukipiga hesabu ya petroli kwa maili moja na ukasoma mwendo kwa nyingine, utarudi kwa kasia.

Nina takwimu za mkondo wa pwani yetu kwa mita kwa sekunde. Wavuvi ninaowahoji wanataka noti. Nizidishe kwa ngapi? – Mwanafunzi, Unguja

Kwa 1.944. Ukiwa umekaa nao ufukweni, zidisha mara mbili tu na usiombe radhi. Ukitaka kilomita kwa saa, zidisha kwa 3.6.

Wakati wa kusi mkondo wetu wa kwenda kaskazini unaweza kukaribia mita 2 kwa sekunde. Kwenye jedwali inaonekana namba ndogo. Mwambie mvuvi ni noti nne, mwenye mashua ya injini ya noti tano, anayetoka kaskazini kurudi Dar. Hatahitaji umfafanulie zaidi. Atakuambia mwenyewe kwamba siku hiyo hupita karibu na nchi, ndani ya miamba.