Mleta uzi, usiwashe hiyo plazma kabla hujamwaga maji ya kompresa

Simama hapo hapo mkuu. Toa mkono kwenye swichi.

Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Unasema umenunua mashine ya plazma ya ampea 50, ile inayokata chuma kwa moto wa umeme na hewa ya kompresa, una kompresa ya lita 100 uliyokuwa unapulizia rangi, na kesho unaunga mpira moja kwa moja nyuma ya mashine kwa sababu aliyekuuzia kakwambia "hewa ni hewa". Halafu chini umepanga maswali sita: miwani, jenereta, unene wa pleti, sijui nini na nini. Hayo yatasubiri. Hiyo "hewa ni hewa" ndiyo iliyonifilisi mimi.

Na mimi niliambiwa maneno hayo hayo, Kariakoo, duka silitaji. Jamaa alikuwa na shati lililopigwa pasi kuliko la bwana harusi, na hapo ndipo nilipaswa kushtuka: mtu anayeuza mashine za chuma hana hata doa moja la grisi! Nilimuuliza kabisa kama nahitaji cha kukaushia hewa. Akanicheka. "Bosi, ile chupa ya kuchuja iliyopo nyuma ya mashine inatosha, hewa ni hewa." Nikalipa, nikaondoka najiona mjanja.

Nilikuwa nimepata kazi ya mageti 14 ya maua, pleti ya milimita 3. Siku ya kwanza ilikata kama mkasi kwenye kanga, nikaanza kuwapigia watu simu za majigambo. Siku ya pili jioni tochi (ule mkono wa kukatia unaotoa moto) ikaanza kutema. Mstari unapinda wenyewe, chini ya pleti panaganda ukoko kama wa wali wa shughuli, kisha moto ukawa na rangi ya kijani. Sikujua kwamba kijani ni shaba ya elektrodi yenyewe, kile kipande cha ndani ya tochi moto unapoanzia, inaungua. Nikabadilisha nozeli (ile ncha yenye tundu moto unapotokea) na elektrodi. Nusu saa, zimekufa. Nikabadilisha tena. Zimekufa.

Sasa sikiliza ujinga ulivyokwenda. Badala ya kujiuliza kinachoziua ni nini, nikaendelea kuzinunua. Zaidi ya 60 ndani ya wiki tatu. Mama watoto akaniuliza huyo Nozeli ni binti wa wapi, maana kila jioni namtumia hela. Fundi umeme mmoja akaniambia bodi ya mashine imechoka, nikatoa laki mbili na nusu. Bodi mpya, tabia ile ile. Mwingine akasema tatizo ni tochi, nikanunua tochi nzima kwa laki tatu na themanini. Ikaungua kichwa siku ya nne. Mteja naye alikuwa amechoka kunisubiri, akakata sehemu ya malipo. Nilipopiga hesabu ilikuwa imevuka Sh 1,200,000, na mageti matano nilimalizia kwa grainda, usiku, huku majirani wananilaani. Chekeni tu, wengine humu mmenunua viwanja kwa kuoneshwa picha.

Aliyeniokoa hana habari yoyote na plazma. Ni mzee mmoja fundi rangi wa magari, gereji ya ng'ambo ya barabara. Alikuja kuazima spana, akasimama kuangalia tochi inavyotema, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo kompresa unaimwaga maji lini?" Nikamjibu hii ni ya hewa mzee, haina maji. Akaniangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa aliyekunywa mafuta ya taa. Akainama, akafungua koki ya chini ya tangi.

Wakuu, yalitoka maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kutu na mafuta ndani yake. Ndoo ndogo ilijaa nikaenda kutafuta nyingine. Nikaelewa hata kwa nini kompresa ilikuwa inawaka na kuzima kila saa: tangi lilikuwa limejaa maji, hewa haina pa kukaa.

Hesabu yake ni nyepesi. Hewa ya Dar siku ya joto la nyuzi 30 hubeba zaidi ya gramu 20 za maji kwa kila mita ya ujazo. Tochi ndogo inaweza kula lita 150 za hewa kwa dakika, yaani mita za ujazo 9 kwa saa. Hiyo ni karibu glasi ya maji kila saa unayokata. Na ile chupa aliyoisifu yule mwenye shati hukamata matone tu. Hewa inatoka kwenye kompresa ikiwa ya moto, maji bado ni mvuke, yanapita kwenye chupa bila salamu, yanakwenda kupoa na kuwa matone ndani ya mpira wa tochi. Yakifika kwenye moto yanakula ile nukta ndogo ya hafni (chuma kinachovumilia moto) iliyo katikati ya elektrodi, moto unayumba, tundu la nozeli linakuwa yai.

Kwa hiyo dawa ni kuipoza hewa kwanza, ndipo uichuje. Mimi nimepitisha bomba la chuma la mita 12 ukutani, limeinama kidogo kuelekea mwisho, na mwisho kuna koki ya kumwagia. Tawi la kwenda kwenye mashine linatokea juu ya bomba, si chini. Hapo ndipo kichujio kinakaa, na baada yake chupa ya silika jeli ya bluu, zile punje za kunyonya unyevu. Ikigeuka pinki imeshiba maji, unaikausha kwenye oveni ya karakana (si ya nyumbani, nimeshagombana). Na usije ukatumia bomba la plastiki la maji kwa ubahili, likipasuka kwa presha vipande vinaruka kama kisu. Nilianza nalo, naongea kwa uzoefu, tusiendelee.

Koki ya tangi unaifungua kila asubuhi kabla ya chai, na ukikata mfululizo, kila baada ya saa moja. Kila siku. Hata kama jana hukukata.

Mengine haraka. Kabla hujagusa nozeli zima mashine na uchomoe ukutani, tochi ina volti zaidi ya 200 na haijui kwamba wewe ndiye uliyeinunua. Ukimaliza kukata iache hewa ipulize mpaka ikome yenyewe, ndiyo inayopoza kichwa. Elektrodi ikichimbika milimita moja na nusu, tupa. Miwani kwa ampea 40 hadi 60 giza namba 6, ile ya jua haihesabiki. Pipa lililowahi kuwa na petroli usilikate, hata likiwa limekauka vipi. Presha soma kwenye kitabu cha mashine, ila geji iangalie hewa ikiwa inatoka, siyo imetulia.

Uliuliza pia jenereta na kitu gani sijui cha pleti ya milimita 10, nitarudi usiku. Kwa sasa toka hapo ulipo, weka ndoo chini ya tangi, fungua koki, halafu uandike hapa yametoka lita ngapi.